Rekodi 12 za Anga, na ya Kwanza Iko Shambani Machakos

Mwulize mtoto wa Machakos kitu kikubwa zaidi alichowahi kukiona, atakutajia Bwawa la Masinga, mlima wa Kilimambogo au lori la mchanga linalopanda mlima likinguruma. Mpe darubini usiku mmoja tu, na vipimo vyake vyote vitavurugika. Susan Murabana analijua hilo vizuri: kwa zaidi ya miaka kumi, kupitia mradi wa Travelling Telescope, amekuwa akizungusha darubini katika shule za Kenya ili watoto waone kwa macho yao mambo waliyoyajua kwa michoro ya vitabuni.

Haya basi, tufanye mashindano. Orodha hii inaanza mbali kabisa angani na kushuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwenye nyota hadi kwenye mtaro wa shamba. Kanuni ni moja: kila bingwa apimwe kwa kipimo ambacho mwanafunzi wa Gredi ya 6 anakijua, yaani basi, mtungi wa lita 20, uwanja wa Kasarani, robo ekari. Ukifika chini utaona kwa nini mwalimu anayetaka watoto walinde mazingira anafaa kuanza somo lake juu.

12. Kalenda kongwe zaidi: Kilimia

Kabla ya redio, kabla ya simu, kabla ya satelaiti yoyote, mkulima Mswahili alikuwa na kundi la nyota la kumwambia ashike jembe lini. Jina lenyewe limetoka kwenye kazi: kulima, Kilimia. Wahenga wakaifunga elimu nzima ya misimu katika methali moja: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Macho matupu huona nyota sita au saba. Kundi lenyewe lina zaidi ya elfu moja! Ni kama shule kubwa ya bweni ambayo kwa mbali unawaona viranja wake tu. Mwanga wa nyota hizo husafiri takriban miaka 440 kabla ya kutufikia. Ule unaoingia jichoni mwa mtoto usiku wa leo uliondoka huko kabla ya jiwe la kwanza la Fort Jesus kuwekwa Mombasa mwaka wa 1593.

11. Msafiri aliyekwenda mbali zaidi: Voyager 1

Chombo hiki kilirushwa tarehe 5 Septemba 1977 na hakijasimama tangu siku hiyo. Kinakwenda kilomita 17 kila sekunde. Kutoka Nairobi hadi mjini Machakos ni kilomita 60 na ushei. Voyager 1 ingefika kabla abiria hajamaliza kufunga mkanda, kwa sekunde zisizozidi nne. Sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka kwetu. Basi la kilomita 80 kwa saa, lisilosimama hata kuweka mafuta, lingehitaji zaidi ya miaka 34,000 kuifikia.

Tarehe 14 Februari 1990, ikiwa umbali wa kilomita bilioni sita, Voyager 1 iligeuza kamera yake na kuipiga Dunia picha. Dunia haikujaza hata nukta moja kamili ya picha hiyo. Nairobi, Machakos, Masinga, bahari zote, misitu yote na kila mtu aliye hai vilienea ndani ya kipande cha nukta. Mwonyeshe mtoto picha hiyo, kisha umwulize tutahamia wapi tukiharibu hapa.

10. Kubwa kuliko vyote katika ujirani wetu: Jua

Ndani ya Jua zinaenea Dunia milioni 1.3. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,421,932 katika Kaunti ya Machakos. Ukimgawia kila mkazi Dunia yake mwenyewe, mzee na mtoto, kutoka Mwala hadi Matungulu na kutoka Athi River hadi Masinga, Jua litakuwa limekwisha na watakaokosa ni laki moja na ushei tu.

Umbali? Kilomita milioni 150. Basi letu lingetumia miaka 214. Mwanga wenyewe hutumia dakika 8 na sekunde 20, muda ambao gari linaweza kuumalizia palepale kwenye foleni ya Mlolongo. Na mwanga huo hauji mikono mitupu. Nchini Kenya, kila mita ya mraba ya ardhi hupokea kwa siku nishati ya kati ya yuniti 4 na 6, yuniti zilezile tunazonunua kwa tokeni. Paa la darasa moja hukusanya utajiri mkubwa bila moshi na bila mti hata mmoja kukatwa.

9. Mlima mrefu zaidi: Olympus Mons, sayari ya Mirihi

Kilimambogo una mita 2,145. Olympus Mons una kilomita 22 hivi: panga Kilimambogo kumi, mmoja juu ya mwingine, na bado hujafika kileleni. Mlima Everest, wenye mita 8,849, unaingia mara mbili na nusu. Kitako chake kina upana wa kilomita 600. Barabara nzima ya Nairobi hadi Mombasa ingelala ndani yake na nafasi ibaki.

Lakini Machakos haikubali kushindwa kirahisi. Olympus Mons ni volkano, na hata sisi volkano zimetuachia rekodi: uwanda wa Yatta, mtiririko wa lava ulioganda na kunyooka kwa takriban kilomita 300, miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Kutoka angani unaonekana kama rula iliyolazwa juu ya ramani.

Tena Kilimambogo una kitu ambacho jitu la Mirihi halina. Kanieneo ya hewa ya Mirihi haifiki asilimia 1 ya ile ya Dunia. Hakuna mto na hakuna jani. Kilimambogo una msitu, una chemchemi na una mbogo walioupa jina. Kwa urefu Mirihi imeshinda, kwa uhai tumeizaba kumi kwa bila!

8. Tanuri kali zaidi: Zuhura

Ukiwauliza watoto sayari gani ina joto kuliko zote, wengi watajibu Utaridi, kwa kuwa ndiyo jirani wa karibu wa Jua. La! Mchana wa Utaridi hufika nyuzijoto 430. Zuhura iko mbali zaidi na Jua, lakini inachemka kwa nyuzijoto 465, usiku na mchana. Mafuta ya kukaangia mandazi yana kama 180. Risasi, ile metali, huyeyuka kwa 327. Kwenye Zuhura ingekuwa dimbwi.

Siri ni hewa. Chukua uwanja wa Kasarani na mashabiki wake 60,000, kila shabiki asimame badala ya sehemu moja ya hewa. Kwenye Zuhura, zaidi ya mashabiki 57,000 wangekuwa gesi ya kaboni dioksidi. Duniani, kabla ya viwanda kuenea, wangekuwa 17. Leo ni 25. Ndiyo, wanane tu wameongezeka katika uwanja mzima, na tazama walichofanya: mwaka wa 2024 ulikuwa wenye joto kali kuliko wowote uliowahi kupimwa, na wa kwanza kupita nyuzi 1.5 juu ya wastani wa enzi za kabla ya viwanda. Gesi hiyo haihitaji wingi kuonyesha nguvu zake. Mtoto aliyeielewa Zuhura ameelewa mabadiliko ya tabianchi bila hotuba ndefu.

7. Miongoni mwa picha zilizochapishwa zaidi: Dunia nzima, 1972

Tarehe 7 Desemba 1972, wanaanga wa Apollo 17, wakiwa njiani kuelekea Mwezini, waliipiga Dunia picha ikiwa imemulikwa yote. Ni moja ya picha zilizochapishwa mara nyingi zaidi katika historia. Na bara gani limejaa mbele ya kamera? Afrika! Siyo Ulaya, siyo Marekani. Ukiweka kidole upande wa mashariki, chini kidogo ya Pembe ya Afrika, umegusa Ukambani.

Siku nane tu baadaye, tarehe 15 Desemba 1972, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunda Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, na likaamua makao yake makuu yawe Nairobi. Yalikuwa makao makuu ya kwanza ya shirika la Umoja huo kuwekwa katika nchi inayoendelea. Mwezi huohuo mmoja Dunia ilipigwa picha, na ofisi ya kuitunza ikapewa Kenya. Kutoka mjini Machakos hadi Gigiri ni safari ya matatu mbili.

6. Nyumba yenye mbio zaidi: Kituo cha Kimataifa cha Anga

Panda basi jijini Nairobi, kwenye ile stendi ambayo abiria wameizoea kwa jina la Machakos Airport. Safari hii basi lipae wima, kwa kilomita 80 kwa saa. Baada ya dakika 13 mawingu na mvua zote zimebaki chini yako. Baada ya saa moja na robo umefika kilomita 100, pale panapohesabiwa kuwa mwanzo wa anga za juu. Baada ya saa tano unabisha mlango wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi kutoka ardhini. Mombasa ni mbali zaidi!

Zipime tena zile dakika 13. Huo ndio unene wote wa tabaka linalotengeneza mvua yetu, linalobeba vumbi letu na kupokea moshi wetu.

Kituo chenyewe kina urefu wa mita 109, mrefu kidogo kuliko uwanja wa mpira, nacho huizunguka Dunia kwa dakika 92 au 93. Nairobi hadi Machakos ni sekunde zisizofika tisa. Lakini rekodi ya kuvuliwa kofia ni ya maji. Mwaka wa 2023 mitambo yake ilifikia kiwango cha kurudisha asilimia 98 ya maji: jasho, mvuke wa pumzi na mkojo husafishwa hadi kuwa maji ya kunywa. Katika mtungi wa lita 20, kinachopotea hakifiki nusu lita. Wanafunzi ambao mama zao huamka alfajiri kwenda mtoni hawahitaji maelezo zaidi.

5. Darasa lenye kasi zaidi, na satelaiti iliyoitwa Uhuru

Dunia hujizungusha, na watu walio karibu na Ikweta ndio wanaokimbizwa zaidi. Mwanafunzi wa Machakos, akiwa ametulia kwenye dawati lake, anasafiri kwa kilomita 1,670 kwa saa, mbio kuliko ndege ya abiria. Mwenzake wa London anajikokota kwa 1,040 hivi. Katika kipindi kimoja cha dakika 40, darasa la Machakos limekwenda zaidi ya kilomita 1,100: Nairobi hadi Mombasa, kurudi, na safari nyingine ikaanza!

Kasi hiyo ya bure humsaidia mrusha roketi. Ndiyo sababu mojawapo Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, roketi iliruka hapo ikiwa na satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutafuta miali ya eksirei angani. Jina lake likawa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miali hiyo. Ilibidi itoke nje ya hewa ili iione, kwa sababu hewa yetu huizuia isifike chini na kutudhuru. Hewa ileile tuliyoipita kwa basi ni ngao pia.

Baadaye zikaja zetu wenyewe. Ndogo zaidi ni 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa angani tarehe 11 Mei 2018: sentimita 10 kila upande, nyepesi kuliko pakiti ya unga ya kilo 2. Ikafuata Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023 ikiwa na kazi ambayo kila mkulima anaielewa: kutazama mashamba na mazingira ya Kenya.

4. Mlinzi asiyechoka zaidi: Landsat

Satelaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa tarehe 23 Julai 1972. Tangu hapo moja ikistaafu, nyingine huchukua zamu, na hakuna kumbukumbu ya picha za ardhi kutoka angani iliyoendelea kwa muda mrefu kama hii. Watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka huo leo wana wajukuu.

Satelaiti zilizo kazini ziko kilomita 705 juu yetu. Nukta moja ya picha zao ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Robo ekari ni mita za mraba 1,012. Kwa hiyo shamba dogo la familia ya Machakos lina karibu nukta yake yenyewe angani! Kila satelaiti hurudi juu ya shamba hilo baada ya siku 16, zikiwa mbili ni siku nane. Tangu 2008 picha hizi hazilipiwi hata senti.

Zinaona ambacho jicho halioni. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, jani linaloumwa hurudisha kidogo, na satelaiti inaweza kugundua dhiki ya mahindi kabla hayajageuka manjano. Mvua zilipofeli misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika, kuanzia mwishoni mwa 2020, picha za angani zilionyesha ukijani ukififia wilaya kwa wilaya.

Na Masinga? Bwawa hilo lilikamilika 1981, kwa hiyo Landsat inalikumbuka bonde kabla ya maji. Likijaa linabeba mita za ujazo bilioni 1.56. Ligawe kwa Wakenya wote wa sensa ya 2019, na kila mmoja atajaza matangi matatu ya lita 10,000 na kubakisha. Kila ukame linasinyaa, kila masika linavimba, na jicho la juu linaandika.

3. Taka iliyotua karibu zaidi: pete ya Mukuku

Tarehe 30 Desemba 2024, alasiri, wanakijiji wa Mukuku katika Kaunti ya Makueni, eneo ambalo zamani lilikuwa ndani ya Wilaya ya Machakos, walisikia kishindo. Kutoka mawinguni ilikuwa imeanguka pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500. Ukiisimamisha, inaupita mlango wa nyumba kwa urefu. Kwa uzito, ni mifuko 10 ya saruji iliyodondoka bila taarifa. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi, cha aina ambayo hutarajiwa kuungua ikirudi au kuangukia pasipo na watu, kama baharini.

Haikuwa peke yake huko juu. Vipande vya taka vyenye ukubwa unaozidi sentimita 10 vinavyozunguka Dunia ni zaidi ya 30,000. Kila kimoja kingepewa kiti Kasarani, zaidi ya nusu ya uwanja ingejaa.

Hapa Kenya ina la kuufundisha ulimwengu. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne, ilitajwa kuwa kali kuliko zote duniani. Kosa ni lilelile, liwe mfuko mtaroni au pete ya roketi angani: kutumia, kutupa, na kumwachia jirani.

2. Safari ndefu zaidi ya udongo: kutoka Machakos hadi baharini

Mto Athi ni wa pili kwa urefu nchini, ukitanguliwa na Tana tu. Una kilomita 390. Unapita Fourteen Falls, unafuata ukingo wa Yatta, unabadili jina kuwa Galana, na mwisho unaingia baharini ukiitwa Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi. Mvua zikinyesha kwa nguvu, satelaiti huona bahari ya samawati ikipakwa doa la rangi ya chai ya maziwa. Doa hilo ni mashamba. Ndani yake mna udongo wa Machakos.

Daftari lenye kumbukumbu ndefu zaidi za hasara hiyo liko chini ya maji. Watafiti walipima jiwe la matumbawe la Malindi lililokua kwa miaka 300, nalo lilikuwa limehifadhi madini ya bariamu yaliyoletwa na udongo wa mto, mwaka baada ya mwaka. Matokeo yalitolewa 2007: mmomonyoko ulipanda sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ya ukoloni.

Malindi ndiyo pwani ileile ambako roketi zilirushwa. Udongo uliotoroka chini ya mwembe wa Machakos umekwenda kuishia jirani na mlango wa Kenya wa kuingilia angani.

1. Ushindi mkubwa kuliko yote: fanya juu

Sasa tumefika chini, na chini ndiko aliko bingwa.

Katika miaka ya 1930, maofisa wa kikoloni waliiona Machakos kuwa ardhi iliyokwisha. Dawa yao ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe, na mwaka wa 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kuipinga. Wilaya ya Machakos ya wakati huo, Makueni ikiwa ndani yake, ilikuwa na watu kama 240,000. Kufikia mwaka wa 1990 walikuwa karibu milioni 1.4, zaidi ya mara tano! Kwa hesabu ya haraka, ardhi ilipaswa kubaki mifupa.

Kinyume chake, ilinenepa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliichunguza wilaya hiyo, na kitabu chao cha 1994 kikaonyesha kuwa watu waliongezeka huku mmomonyoko ukipungua, miti ikiongezeka na mavuno kwa kila ekari yakipanda. Silaha yao kuu? Mtaro. Unauchimba kukata mteremko, na udongo unaoutoa huutupi chini, unaurusha juu, unakuwa ukingo, unapanda nyasi zikaushike. Miaka inavyopita, mteremko unajisawazisha kuwa ngazi. Kazi ilifanywa kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana, wengi wao akina mama, kwa majembe na sururu. Mbinu hiyo inaitwa fanya juu, nayo imeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani kote ikiwa na jina lake la Kiswahili!

Mitoni nako kazi iliendelea. Hakuna eneo duniani linalojulikana kwa mabwawa ya mchanga kuliko Ukambani: ukuta unajengwa mtoni, mchanga unajaa nyuma yake, na kati ya robo na theluthi ya lundo hilo huwa maji yaliyojificha mbali na jua.

Fungua leo picha ya angani ya vilima vya Iveti au Mbooni. Utaona mistari, mmoja juu ya mwingine, kama daftari la mwandiko. Olympus Mons ulisimamishwa na volkano. Mistari hii iliandikwa na bibi zenu.

Tuzo

Bado kuna tarehe moja. Voyager 1 iliondoka tarehe 5 Septemba 1977. Miezi mitatu kamili kabla ya siku hiyo, tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, karibu na stendi yetu ile ya mabasi, na huo ukawa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt, lililokuja kupanda miti milioni kadha wa kadha. Kila mti ulipandwa kwa heshima ya shujaa mmoja wa zamani. Mmoja ulikuwa wa Masaku, mzee aliyeipa Machakos jina lake.

Walimu na walezi wa vilabu vya 4K, mashindano haya yanaweza kuanza shuleni kwenu wiki hii bila darubini. Usiku mmoja, watoto watafute Kilimia. Kesho yake wafungue picha ya angani, bure, waitafute shule yao na wahesabu makorongo yanayoizunguka. Siku ya tatu wabebe majembe. Shule itakayoziba korongo kubwa zaidi ndiyo bingwa, na satelaiti itapita baada ya siku nane kuhakikisha.